Kifungo Hakiishii Langoni

Kama una laini ya simu Kenya, ile simu umewahi kuipokea. Sauti ya upole, Kiswahili cha ofisi: "Mpendwa mteja, laini yako iko karibu kufungwa, tafadhali fuata maagizo haya." Ama ujumbe wa jamaa ambaye ati "ametuma pesa kimakosa" na mtoto wake yuko hospitali. Unakata, unacheka, unaandika kwa grupu ya WhatsApp: "Leo watu wa Kamiti wamenikumbuka." Imekuwa mzaha wa taifa. Askari jela hufanya msako, simu zinapatikana zimefichwa kila mahali, habari inatangazwa saa moja jioni, na wiki inayofuata simu inalia tena.

Lakini hebu tuuchunguze huo mzaha. Mtu amefungwa kwa wizi. Serikali imemzungushia ukuta, imemwekea mlinzi mwenye bunduki, inamhesabu kama mbuzi asubuhi na jioni. Na ndani ya ulinzi wote huo, anajifunza wizi mpya, wa kisasa kuliko ule uliompeleka. Aliingia akijua kupora simu. Atatoka akijua kuporea watu kwenye simu. Kama hiyo ndiyo kozi inayofundishwa vizuri zaidi huko ndani, basi tuulize mwalimu mkuu ni nani.

Hoja yangu ni moja na sitaizungusha. Mtu akitoka jela Kenya na asirudi, mara nyingi ni kwa juhudi za mama yake, au imamu, au pasta, au rafiki aliyempa kazi ya mjengo bila kuuliza maswali, au ukaidi wake mwenyewe. Si kwa sababu ya gereza, na si kwa sababu yetu. Sisi tumepanga kila kitu arudi. Halafu akirudi tunakunja mikono na kusema, "Si niliwaambia? Mwizi ni mwizi."

Tuanze na kichwa cha mtu, kwa sababu jela hufungia kichwa kabla ya mwili. Mwaka 1940 Mmarekani mmoja, Donald Clemmer, aliyekuwa akifanya kazi ndani ya gereza la Illinois, aliandika jambo ambalo mtu yeyote aliyekaa Industrial Area angekwambia bure: kadiri unavyokaa ndani, ndivyo unavyochukua lugha ya ndani, sheria za ndani, na akili ya ndani. Miaka 18 baadaye, mwenzake Gresham Sykes alichunguza gereza la Trenton, New Jersey, akaorodhesha vitu vitano ambavyo mfungwa hunyang'anywa: uhuru, mali na huduma, mapenzi, usalama, na uwezo wa kujiamulia.

Vinne vya kwanza tunavijua, hata kwenye sinema tumeviona. Hicho cha tano ndicho hatukisemi, na ndicho kinachowarudisha watu.

Fikiria siku ya kawaida. Taa haizimwi na wewe wala haiwashwi na wewe. Mlango haufungui, unafunguliwa. Unachuchumaa kwa safu uhesabiwe. Unakula saa ambayo chakula kimeletwa, na kimeletwa kile kile. Kuoga, kazi, kunyoa, kuonana na mamako, kulala jua likiwa bado linawaka nje, yote yameamuliwa na mtu mwingine. Ukitaka kusema jambo, unapitia kwa nyapara, naye ni mfungwa kama wewe, ila amepewa kauka ya mamlaka. Anayesifiwa ni yule asiyeuliza. Anayeuliza ni "kichwa ngumu". Kwa hivyo mtu mwenye akili timamu anajifunza haraka: zima ile sehemu ya kichwa inayoamua, utateseka kidogo.

Fanya hivyo miaka saba. Halafu siku moja afande anakukabidhi nguo zako za zamani na kukuambia, "Haya, tusikuone tena hapa." Lango linafunguka, na kabla hujafika kituo cha matatu unatakiwa kuamua mambo mengi kuliko uliyoamua miaka saba yote. Niende wapi? Nani atanifungulia? Nianze na kitambulisho au nianze na kazi? Aliyeingia 2015 na kutoka 2022 alikuta noti ya elfu aliyoijua ni karatasi tu, maana zile za zamani zilifutwa mwisho wa Septemba 2019. Laini yake ya simu ilikuwa ya mtu mwingine. Watoto wake walikuwa kwenye mtaala ambao hata jina lake hakuwahi kulisikia. Mtu huyu hakutolewa gerezani. Alitupwa nchi ya ugenini na kuambiwa ajipange.

Na kuna mengine aliyoyabeba. Ndani alijifunza kulala jicho moja wazi. Alijifunza kwamba ukionyesha huruma umeisha, na ukikosewa mara moja usipojibu, utakosewa kila siku. Huko ndani hiyo ni hekima, ndiyo iliyomweka hai. Huku nje ni ugonjwa. Mke anamgusa bega usiku anaruka na ngumi. Bosi anamsemesha vibaya mbele ya wenzake, na yeye anajua njia moja tu ya kujibu dharau. Majirani wanasema, "Mnaona? Jela haijamsaidia." Wamesema kweli bila kujua.

Najua kuna msomaji ambaye sasa hivi anataka kunitajia lile jaribio la chuo cha Stanford la 1971, ambapo wanafunzi waligawanywa wakawa askari na wafungwa, na likasimamishwa baada ya siku sita kwa sababu ya ukatili. Wacha nilikatae mapema. Watafiti waliofukua kumbukumbu zake baadaye walionyesha kwamba wale "askari" walikuwa wameelekezwa wawe wakali. Lakini hata lingekuwa safi, nisingelitaka, kwa sababu linatupa usingizi mtamu: ati binadamu wote ni hivyo, ukimpa mtu rungu atakuwa mnyama, basi nani alaumiwe? Hapana. Gereza linafanywa na maamuzi, yana sahihi na bajeti. Miaka ya 2000 mwanzoni, Moody Awori akiwa na wizara iliyosimamia magereza, wafungwa waliokuwa wakilala sakafuni walianza kupata magodoro, na televisheni zikaingia. Ukuta ulikuwa ule ule, askari wale wale, umaskini wa serikali ule ule. Kilichobadilika ni uamuzi. Ukikubali kwamba godoro lilikuwa uamuzi, lazima ukubali kwamba sakafu nayo ilikuwa uamuzi.

Sasa, huu mtindo wa kuvunja mtu na kuita kuvunja huko "kurekebisha" tuliutoa wapi? Hatukuuzua. Kanuni ya Adhabu tunayotumia ilianza kazi mwaka 1930, na jela za wakati huo zilijaa Waafrika ambao kosa lao lilikuwa kodi au kipande. Kwa serikali ya walowezi, jela ilikuwa namna ya kupata vibarua na kutia adabu. Halafu ikaja hali ya hatari ya miaka ya 1950. Maelfu kwa maelfu ya watu waliofungiwa kwenye kambi za Mau Mau walipitishwa kambi hadi kambi mpaka wakiri, na mpango huo ulikuwa na jina zuri sana rasmi: urekebishaji. Kulikuwa hadi na idara yenye neno hilo kwenye jina lake. Machi 3, 1959, huko Hola, wafungwa 11 walipigwa hadi kufa kwa sababu walikataa kazi ya kulazimishwa, na wakubwa wakajaribu kusema kwanza kwamba maji ya kunywa ndiyo yaliwaua. Hivyo ndivyo neno "kurekebisha" lilivyoingia kwenye historia ya magereza yetu. Lilikuja na rungu.

Bendera ilishuka, nyingine ikapanda. Lakini kamba ya ndani ya mfumo haikukatwa. Bado tunaamini kwamba mtu akiumizwa vya kutosha atakuwa mwema. Kama ingekuwa kweli, hakuna nchi ingekuwa na watu wema kuliko hii.

Ni nani hasa tunayemuumiza? Ukaguzi wa mfumo mzima wa haki uliozinduliwa Januari 2017 na baraza linalounganisha mahakama, polisi, magereza na wengine ulionyesha kile mtaa umekijua siku zote: mfumo huu huwabeba zaidi maskini, na kwa makosa madogo madogo. Kuzurura. Kulewa na kufanya fujo. Kuuza njugu bila leseni mbele ya kanjo aliyeamka vibaya. Hakimu anatamka faini ya elfu kumi au miezi mitatu. Kwa mmoja hiyo ni M-Pesa moja, anarudi nyumbani kabla ya chakula cha mchana. Kwa mwingine ni miezi mitatu. Kosa ni lile lile na sheria ni ile ile, kwa hivyo kilichomfunga huyu wa pili si kosa. Ni salio.

Na kabla hata ya hukumu kuna rumande. Katiba ya 2010, kifungu cha 49, inasema aliyekamatwa ana haki ya dhamana yenye masharti ya busara, na tena inasema kwamba mtu asiwekwe rumande kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini peke yake au kifungo kisichozidi miezi sita. Soma tena hiyo sentensi. Halafu nenda rumande yoyote na uulize watu wako hapo kwa nini. Utakuta aliyeshindwa na dhamana ndogo kuliko bei ya simu uliyoshika. Analala ubavu kwa ubavu na mtu aliyeiba magari miaka kumi. Hajahukumiwa, lakini masomo yameshaanza.

Mwaka 2024, na tena 2025, vijana wengi wasiowahi kufikiria habari za jela walijikuta ndani ya seli kwa kuandamana. Wengine walishtakiwa kwa makosa mazito mno kuliko bendera na chupa ya maji waliyokuwa wamebeba. Mitandao iliwaka, mawakili walijitolea, watu walichangishana dhamana usiku kucha. Lilikuwa jambo zuri sana. Lakini wengi wetu tulipowatoa wetu, tulifunga mlango nyuma yetu. Kwenye seli ile ile alibaki kijana wa Mukuru aliyekuwa hapo kabla ya maandamano na atakuwa hapo baada yake, kwa kesi ya bangi misokoto miwili. Hana alama ya reli mtandaoni. Hakuna wakili aliyejitolea kwa ajili yake. Kama tuligundua kwa siku tatu kwamba seli ni mahali pa kumvunja mtu, hatuwezi kujifanya hatujui wanachopata wanaokaa miaka mitatu.

Nimesema gereza linapanga mtu arudi. Nusu ya mpango huo uko nje ya ukuta, na huo unaendeshwa na sisi raia.

Chukua mfungwa aliyefanya kila kitu vizuri. Amejifunza useremala, ana cheti. Amekalia mtihani wa KCSE akiwa ndani, maana wapo wanaofanya hivyo kila mwaka na wengine hupita kuliko watoto wa shule za kulipia. Amekuwa na nidhamu, amepunguziwa theluthi moja ya kifungo kama sheria inavyoruhusu. Anatoka na nini mfukoni? Kanuni zetu kwa miaka mingi zilihesabu malipo ya mfungwa kwa senti. Fanya hesabu mwenyewe: senti 20 kila siku, miaka mitano, bila kukosa hata Jumapili, ni shilingi 365. Namba za magari ya nchi hii zimekuwa zikitengenezwa Kamiti. Kila gari unaloliona kwenye Thika Road limebeba kazi ya mfungwa mbele na nyuma. Na aliyeitengeneza anatoka na nauli isiyomfikisha kwao.

Hata hivyo anajikaza, anatafuta kazi. Ulinzi? Lete cheti cha tabia njema. Kuendesha matatu? Lete cheti cha tabia njema. Teksi za programu? Lete. Kazi ya nyumbani Ghuba? Lete. Analipa pesa kwa eCitizen, anaweka vidole kwenye wino, na serikali iliyomwambia "umemaliza kifungo chako" inamwandikia mwajiri kwamba hajakimaliza. Wanafunzi wa shule za upili wamewahi kuonywa hadharani na polisi kwamba makosa yao yatawafuata kwenye cheti hicho hadi siku ya kutafuta kazi. Hebu lipime hilo: serikali yenyewe inajua kwamba rekodi ni adhabu ya pili, ndiyo maana inaitumia kutisha watoto.

Uzito wa adhabu hii ya pili umewahi kupimwa. Huko Milwaukee, Marekani, mwanasosholojia Devah Pager alituma vijana kuomba kazi za kawaida, wakiwa na sifa sawa, ila wengine walisema wana rekodi ya jela na wengine hawana. Matokeo yalichapishwa 2003. Vijana weupe wasio na rekodi waliitwa tena mara 34 kati ya 100. Wenye rekodi mara 17. Vijana weusi wasio na rekodi, mara 14. Wenye rekodi, mara 5. Ona hapo: rekodi iliwakata weupe nusu, na weusi ikawakata zaidi ya nusu, kutoka kwa kidogo walichokuwa nacho. Sisi hatuna mizani ile ile ya rangi, lakini tuna mitaa. Ukitoka Kayole na jela, umetoka jela mara mbili.

Sasa linganisha. Mlinzi wa geti anayetaka mshahara usiofika hata elfu ishirini lazima awe msafi kama pamba. Lakini mwanasiasa mwenye kesi ya mamilioni anaruhusiwa kugombea, kwa sababu katiba inasema hata aliyehukumiwa hazuiwi mpaka rufaa zote ziishe. Mimi sipingi hilo. Ni busara kwamba mtu asihukumiwe kabla ya wakati wake. Ninachouliza ni kwa nini busara hiyo huishiwa nguvu ikifika mlangoni pa maskini. Anayesimamia bajeti ya kaunti anapewa nafasi ya mwisho kabisa. Anayesimamia geti hapewi hata ya kwanza.

Hapa ndipo mtu husimama kwenye mjadala na kusema: "Na waathiriwa je? Mamangu alikatwa mkono kwa sababu ya mkoba. Unataka nimhurumie aliyemkata?"

Hapana. Swali hilo ni halali na halijibiwi kwa mahubiri. Kuna watu ambao lazima watengwe na wengine, na kwa muda mrefu, na sitamwambia mtu aliyeumizwa asamehe. Lakini nitamuuliza hili: huyo aliyemkata mamako atatoka. Isipokuwa awe na kifungo cha maisha, atatoka, na atarudi kwenye mtaa wenye mama wa mtu mwingine. Unataka atoke vipi? Hasira yako ina haki ya kudai afungwe. Haina haki ya kudai atengenezewe sababu ya kumkata mwingine. Kupunguza wanaorudia makosa si zawadi kwa mwizi. Ni ulinzi wa mtu ambaye bado hajaibiwa, na mtu huyo anaweza kuwa wewe, leo usiku, ukishuka stegi ya mwisho.

Wengine wanataka njia ya mkato. Tuliwahi kuwa na kurasa za Facebook zilizobandika picha za vijana wa Eastlands wakiwa hai, zikiwapa onyo, halafu baadaye zikibandika picha zao wakiwa wamelala kwenye matope. Watu waliweka "amina" chini yake. Mtaani tairi na petroli bado vinaitwa haki. Sasa, kama risasi ingekuwa dawa, mitaa hiyo ingekuwa na amani kuliko Karen. Kinachotokea ni kwamba mdogo wake aliyeona picha hiyo akiwa darasa la saba anajifunza kwamba hatafika miaka 25. Na mtu asiyetarajia kufika 25 humtishi na kesho.

Basi tufanye nini? Msinipeleke Norway. Kila mjadala wa magereza huishia Norway, tunaangalia picha za vyumba vyenye madirisha makubwa, tunasema "wale ni matajiri," tunarudi kulala. Twendeni Liberia, nchi maskini kuliko sisi, iliyotoka kwenye vita.

Mjini Monrovia, watafiti wakiongozwa na Christopher Blattman walifuatilia wanaume 999 waliokuwa wakiishi kwa wizi, dawa za kulevya na fujo. Hawakuwa wafungwa, walikuwa ni wale ambao jela huwangoja. Waligawanywa kwa bahati nasibu. Wengine walipewa wiki nane za mazungumzo ya kujifunza kutawala hasira, kupanga kesho, na kujiona upya. Wengine walipewa dola 200 taslimu. Wengine wakapewa vyote viwili, na wengine hawakupewa chochote. Waliowafundisha hawakuwa maprofesa. Wengi walikuwa watu waliotoka maisha yale yale. Na kazi ya ziada walizopewa zilikuwa za kuchekesha ukizisikia: nyoa nywele, vaa safi, ingia benki, ingia supamaketi, zungumza na mhudumu kama mteja. Yaani fanya mazoezi ya kuwa mtu wa kawaida.

Waliopewa pesa peke yake walirudi walikokuwa. Waliopewa mazungumzo peke yake walibadilika, kisha mabadiliko yakafifia. Waliopewa vyote viwili, baada ya miaka kumi, walikuwa wakifanya uhalifu karibu nusu ya wale wasiopewa chochote. Miaka kumi, kwa wiki nane na dola 200.

Ukiangalia vizuri utaona kilichotokea. Mazungumzo yaliwarudishia uwezo wa kuamua. Pesa ziliwapa nafasi ya kutumia uwezo huo bila kufa njaa wiki ya kwanza. Ni vile vitu viwili haswa ambavyo gereza letu humnyang'anya mtu: kichwa chake ndani, na pa kuanzia nje. Ukimrudishia kimoja bila kingine, unampotezea wakati.

Kwa hivyo madai yangu si ya ndoto. La kwanza, acheni kujaza jela na watu wa elfu kumi. Sheria ya kutumikia jamii ipo tangu 1998, inamruhusu hakimu kumpa mtu kazi ya umma badala ya kifungo cha hadi miaka mitatu. Hiyo iwe ndiyo njia ya kawaida kwa makosa madogo, na jela iwe ndiyo inayohitaji maelezo. Mitaro ya Nairobi ipo mingi ya kutosha.

La pili, mwaka wa mwisho wa kifungo uwe wa kujifunza kuamua. Mtu apike chakula chake, apange ratiba yake, ashike pesa kidogo na azihesabu, azungumze na mshauri aliyewahi kupita alipopita. Atoke na kitambulisho, laini iliyosajiliwa, na malipo ya kazi yake kwa shilingi. Na askari jela anayeishi kwenye nyumba ya mabati iliyogawanywa kwa pazia asisahauliwe kwenye hesabu hii. Huwezi kumwambia mtu aliyedharauliwa afundishe wengine heshima.

La tatu, rekodi iwe na tarehe ya kufa. Waingereza waliotuachia hiyo kanuni ya 1930 walijipitishia wenyewe, mwaka 1974, sheria inayosema kwamba kwa makosa mengi, mtu akikaa muda fulani bila kosa jipya, hukumu yake ya zamani inahesabika imekwisha na halazimiki kuitaja kwa mwajiri wa kawaida. Tunahitaji sheria kama hiyo iliyo wazi, kiasi kwamba kijana anaweza kuisoma kwenye simu yake na kujua: tarehe fulani, mwaka fulani, mimi ni raia kama wengine. Kazi za kulea watoto au kushika silaha ziwe na masharti yake, hakuna anayebisha. Lakini kusukuma mkokoteni na kuosha magari havihitaji historia ya mtu.

Na kuna dai moja ambalo halingoji bunge, linakuhusu wewe mwenye kibanda, mwenye salon, mwenye kampuni ya watu wanne. Siku mtu atakapokuja na kukwambia ukweli kwamba alikuwa ndani, mpe wiki moja ya majaribio, kama vile ungempa mtu mwingine yeyote. Mwangalie kazi yake. Ukimfukuza, mfukuze kwa kazi mbaya aliyoifanya mbele yako, si kwa ile ambayo mahakama ilishamlipisha.

Mwaka 2027 watakuja kwenye mitaa yetu na maspika, wakiahidi usalama. Watasema wataongeza polisi, wataongeza magari, wataongeza vituo. Usiwapigie makofi haraka. Waulize swali moja tu, na usiwaache washuke kwenye gari kabla ya kulijibu: mtu akihukumiwa miaka mitano Kenya, kifungo chake kinaisha baada ya miaka mingapi?